Sumu Iliyojificha Katika Maji ya Kijani

Maji ni rafiki wa kale wa mwanadamu, lakini hayasemi yalikotoka wala hayataji yalichobeba. Kwa sababu hiyo watu wa kila nchi wamezoea kuyapeleka mbele ya mashahidi watatu: jicho, pua na ulimi. Maji maangavu, yasiyo na harufu, yenye ladha njema, hupewa hati ya usafi. Na yakitiliwa shaka kidogo huchemshwa, nayo shaka ikaisha. Mashahidi hao wametutumikia vema, wala sikusudii kuwadharau. Lakini ziko kesi katika historia ambazo mashahidi wote watatu waliridhika na hukumu ikawa mbaya, na hata moto usingaliweza kuisahihisha. Katika insha hii, msomaji, nataka kukusimulia habari za kesi hizo, na hasa moja iliyotokea mwaka 1979 katika kisiwa kidogo cha Australia, ambapo dawa iliyotiwa majini ili kuyasafisha ndiyo iliyowapeleka watoto hospitalini.

Kwanza yafaa tuwajue viumbe wenyewe. Zamani wataalamu waliwaita mwani wa samawati-kijani, kwa kuwa wana rangi ya majani na huishi kwa nuru ya jua kama mimea ilivyo. Elimu ilipozidi ikadhihirika kwamba si mimea bali ni bakteria, nao wakaitwa sayanobakteria. Ni wakongwe mno duniani. Zaidi ya miaka milioni elfu mbili iliyopita, kabla hakujawa na mti, samaki wala ndege, wao ndio walioanza kuijaza dunia hewa ya oksijeni. Pumzi unayoivuta usomapo maneno haya ina deni kwao. Kila mmoja wao ni mdogo kiasi kwamba jicho haliwezi kumwona, lakini hawaishi kwa upweke. Maji yakituama, jua likiwaka na chakula chao kikiwa tele, huzaliana kwa kasi ya ajabu. Wengi wao wana vifuko vidogo vya hewa miilini, navyo huwapandisha juu kuifuata nuru. Upepo mwanana ukivuma huwasukuma hadi ufuo mmoja, na hapo maji hufunikwa na utando mzito wa kijani, kana kwamba mtu amemwaga pipa la rangi.

Usiwachanganye viumbe hawa na magugumaji, ile mimea yenye majani mapana na maua ya zambarau inayoelea ziwani. Magugumaji waweza kuyang'oa kwa mkono, sayanobakteria hawang'oleki. Wala usidhani kuwa wote ni wabaya. Watu wa jamii ya Kanembu, walioko kando ya Ziwa Chad, tangu zamani huvuna aina moja ya sayanobakteria, huianika juani na kuila. Na wale heroe wenye rangi ya waridi wa Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria hutegemea viumbe wa namna hiyo hiyo kwa riziki yao ya kila siku. Shida ni kwamba katika ukoo huu wema na waovu hufanana sura. Hata katika aina moja, kundi hili laweza kuwa na sumu na kundi lile lisiwe nayo, na mwenye kutazama kwa macho tu asiweze kuyatofautisha.

Taarifa ya kwanza ya kisayansi iliyo wazi juu ya sumu hii iliandikwa mwaka 1878. Mwandishi wake alikuwa George Francis, mkemia wa mji wa Adelaide, kusini mwa Australia. Karibu na mji huo liko Ziwa Alexandrina, ambamo Mto Murray humwaga maji yake kabla ya kufika baharini. Wafugaji wa huko walikuwa wakipoteza mifugo kwa namna isiyoeleweka. Francis alikwenda kuchunguza, akakuta utando juu ya maji ambao aliufananisha na rangi ya mafuta ya kijani, nao ulikuwa mzito kama uji. Alieleza kuwa upepo uliukusanya kwenye ufuo uliokabili mkondo wake, mahali pale pale ambapo wanyama walishuka kunywa. Akaandika pia muda ambao kila mnyama alichukua kufa baada ya kunywa: kondoo, saa 1 hadi 6 au 8, nguruwe, saa 3 au 4, mbwa, saa 4 au 5, farasi, saa 8 hadi 24.

Francis hakuridhika na kudhani tu. Alichukua utando ule akamnywesha kondoo mzima, naye kondoo akafa baada ya saa 15. Kisha akampasua kuona yaliyompata ndani. Habari hizo alizipeleka katika jarida la Nature la Uingereza, zikachapwa mwezi wa Mei mwaka ule ule. Tazama, msomaji, jinsi mtu huyu alivyofanya kazi yake: aliona, akauliza, akajaribu, akaandika. Hakujua jina la sumu wala umbo lake, maana kemia ya wakati wake haikuwa na vyombo vya kuvifikia vitu hivyo. Lakini alijua kwa hakika mahali sumu ilipokaa.

Hata hivyo ujuzi huo ulibaki kwa muda mrefu kama mali ya wafugaji na matabibu wa wanyama. Watu walisema, "Hayo ni mambo ya kondoo." Katika miaka ya 1940 habari kama hizo zilizuka Afrika Kusini. Huko lilikuwa limejengwa bwawa kubwa katika Mto Vaal, nalo lilikamilika mwaka 1938. Baada ya miaka michache maji yake yaligeuka kijani, na ng'ombe na kondoo wengi wakafa kandokando yake. Douw Steyn, bingwa wa mimea yenye sumu katika nchi hiyo, aliyachunguza mabwawa na vidimbwi vya sehemu zile, akathibitisha kuwa mwani ndio uliokuwa ukiua. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia: bwawa ni kazi ya mikono ya watu. Mto uliokuwa ukikimbia ulisimamishwa, na maji yaliyosimama ni nyumba njema ya sayanobakteria.

Sumu yenyewe ilianza kukamatwa maabarani mwaka 1959. Wataalamu watatu wa Kanada, Bishop, Anet na Gorham, walikuza mikrosistisi, aina mojawapo ya sayanobakteria wa maji baridi, kisha wakaitenga sumu yake na kuwadunga panya. Panya walikufa kati ya dakika 30 na 60, na kwa hiyo wataalamu wakaiita sumu hiyo kisababishi cha kifo cha haraka. Katika miaka ya 1980 wanakemia wa Afrika Kusini walifumbua umbo lake: asidi amino saba zilizoshikana kama watu saba walioshikana mikono katika duara. Leo huitwa mikrosistini. Duara hilo ndiyo sababu ya ugumu wake. Sumu nyingi zinazotokana na protini huharibika zikipata moto, lakini mikrosistini hustahimili maji yanayochemka. Ukiyachemsha maji yenye sumu hii, utawaua bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo, na hilo ni jambo jema. Lakini mikrosistini itabaki, na kwa kuwa sehemu ya maji imekwenda na mvuke, sumu itazidi kuwa kali katika kile kilichosalia chunguni.

Ikishaingia mwilini mikrosistini hulielekea ini. Ini lina milango ya kupokea asidi za nyongo, nayo sumu hupita katika milango hiyo hiyo kama mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji. Ndani ya ini huvizuia vimeng'enya fulani visifanye kazi yake. Hapo nguzo nyembamba zinazoshikilia umbo la kila seli hulegea, seli hujikunja na kuachana, na damu humwagika ndani ya ini lenyewe. Mnyama aliyekunywa sumu nyingi hufa kwa kuvuja damu ambayo hakuna mtu aionaye kwa nje. Ziko pia sumu nyingine za viumbe hawa ambazo haziendi kwenye ini. Anatoksini na saksitoksini hushika mishipa ya fahamu, na aliyezinywa kwa wingi hufa kwa kushindwa kupumua.

Sasa tufike kisiwani. Palm Island iko nje ya pwani ya Queensland, kaskazini-mashariki mwa Australia, yapata kilomita 65 kutoka mji wa Townsville. Tangu mwaka 1918 serikali ilikifanya kisiwa hicho kuwa makazi ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliohamishwa kutoka makwao sehemu mbalimbali. Hawakuchagua kukaa pale, wala hawakuchagua maji ya kunywa. Maji yao yalitoka katika bwawa lililoitwa Solomon Dam, yakapelekwa majumbani kwa mabomba.

Mwaka 1979 maji ya bwawa hilo yalianza kuwa na ladha na harufu isiyopendeza, nao watu wakalalamika. Sababu ilionekana dhahiri: mwani ulikuwa umejaa. Wasimamizi wakafanya lile ambalo wasimamizi wa maji katika nchi nyingi walikuwa wamefundishwa kufanya. Waliutia mrututu bwawani. Mrututu, msomaji, ni ile chumvi ya shaba yenye rangi ya samawati ambayo wakulima huitumia kuua kuvu wa mimea. Tangu mwaka 1904 ilikuwa imependekezwa huko Marekani kuwa dawa ya kuua mwani katika mabwawa, nayo ilisifiwa kwa kuwa ni rahisi na hufanya kazi upesi. Hapa pia ilifanya kazi. Mwani ukafa.

Siku chache baadaye, katika mwezi wa Novemba, watoto walianza kuugua. Walitapika, wakaumwa na kichwa na tumbo, na maini yao yakavimba. Kisha wengi wakaanza kuhara, na kuhara kukawa kwa damu. Mikojo yao ilipopimwa ilikutwa na sukari na protini, ishara kwamba figo nazo zilikuwa zimeumizwa. Watu 148 waliugua; kati yao 138 walikuwa watoto na 10 walikuwa watu wazima. Wengi walilazimika kutiwa maji kwa njia ya mishipa. Kwa rehema hakuna aliyekufa, lakini fikiri juu ya kisiwa kidogo ambacho karibu kila ukoo una mtoto kitandani, na daktari hawezi kuutaja ugonjwa. Zilitafutwa bakteria za kawaida, vikatafutwa virusi, vikatafutwa vyakula vilivyoharibika, lakini jibu halikupatikana. Magazeti na vitabu vya tiba vikauita ugonjwa wa ajabu wa Palm Island.

Jibu lilianza kuonekana watu walipoacha kuuliza, "Ni nani aliyeugua?" wakauliza, "Ni nani ambaye hakuugua?" Ilidhihirika kuwa wagonjwa walitoka katika nyumba zilizotumia maji ya bwawa, na familia zilizokuwa na maji ya mahali pengine zilisalimika. Viumbe wa bwawani wakachunguzwa, akapatikana sayanobakteria mmoja aitwaye silindrospermopsisi. Mwaka 1985 ilitangazwa kuwa kiumbe huyo, alipopewa panya, aliharibu maini yao. Mwaka 1992 umbo la sumu yake likafumbuliwa, nayo ikaitwa silindrospermopsini. Kutoka siku ya mtoto wa kwanza kuugua hadi siku sumu ilipochorwa umbo lake karatasini ilipita miaka kumi na mitatu.

Je, ilikuwaje watu wakanywa maji yale kwa majuma mengi kabla ya hapo, na ugonjwa ukazuka baada ya mwani kuuawa? Hapa ndipo lilipo fundisho kubwa la historia hii. Sayanobakteria hutunza sehemu kubwa ya sumu yake ndani ya mwili wake. Maadamu yu hai na mzima, mwili wake ni kama gunia lililoshonwa. Waweza kulinyanyua, ukalitupa mbali pamoja na vilivyomo. Lakini mrututu humpasua. Gunia likipasuka, vilivyomo humwagika vyote kwa mara moja, na kile kilichoweza kuchujwa pamoja na kiumbe sasa kimeyeyuka majini, hakichujiki kwa mchanga wala kwa kitambaa. Wataalamu walio wengi wanakubali kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa Palm Island. Maji yalikuwa yameanza kuonekana mazuri zaidi wakati ule ule yalipokuwa mabaya zaidi. Jicho lilisema, "Kijani kimeondoka." Likatoa ushahidi wa kweli, na watu wakatoa hukumu isiyo ya kweli.

Yako mambo mengine mawili ya kuangalia katika kisa hiki. Kwanza, silindrospermopsisi hana desturi ya kupanda juu na kufanya utando. Hutawanyika ndani ya maji. Kwa hiyo mtu asiseme, "Sioni utando, basi hakuna hatari." Pili, wasimamizi wale hawakuwa watu wabaya. Walisikia malalamiko, wakachukua hatua upesi, wakatumia dawa iliyojulikana. Walikosa kitu kimoja tu, nacho ni kujua walichokuwa wakikiua. Nia njema ni mwanzo wa kazi njema, lakini haiwezi kushika nafasi ya maarifa.

Ingalifaa kusema kuwa baada ya Palm Island dunia ilijifunza na mambo yakaisha. Sivyo ilivyokuwa. Mwishoni mwa mwaka 1991 Mto Darling, katika Australia hiyo hiyo, uligeuka kijani kwa urefu wa kilomita 1,000 hivi, yaani kama kutoka Mombasa hadi Nairobi na kurudi, na jimbo la New South Wales likatangaza hali ya hatari. Lakini msiba mkubwa kuliko yote ulikuwa bado.

Ulitokea mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, jimbo la Pernambuco, kaskazini-mashariki mwa Brazili. Katika mji huo palikuwa na kliniki ya kuwasafisha damu watu ambao figo zao hazifanyi kazi. Mashine ya kusafisha damu hutumia maji mengi. Mgonjwa mmoja, kwa mara moja, hukutanishwa na lita 120 hivi, na kati ya damu yake na maji hayo hakuna ila utando mwembamba. Wewe ukinywa maji mabaya, tumbo lako hutangulia kupambana nayo. Mgonjwa wa figo hana ngome hiyo. Lililomo majini laweza kumwingia moja kwa moja katika damu. Wakati wa ukame kliniki hiyo ililetewa maji kwa malori kutoka kwenye bwawa, na maji yale hayakuwa yametiwa dawa na kuchujwa kwa ukamilifu. Mwezi wa Februari, kati ya wagonjwa 131 waliotibiwa pale, 116 walianza kuona kiwi, kichefuchefu na kutapika. Baadaye 100 walipatwa na kuharibika kwa ini kwa ghafula. Watu 76 walikufa, na hadi Desemba mwaka huo vifo 52 vilikuwa vimehesabiwa kwa hakika kuwa ni vya sumu ile. Mikrosistini ilikutwa katika vichujio vya maji ya kliniki, na katika damu na maini ya wagonjwa.

Watu hao walikwenda kliniki kwa miguu yao kutafuta uhai, nao uhai uliondokea katika maji ya kuwaponya. Katika Palm Island sumu ilitoka katika mkono wa mtu wa maji. Katika Caruaru ilipitia katika mkono wa mganga. Sehemu zote mbili, kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza maji yale yametoka wapi na yana nini.

Baada ya Caruaru, Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo mwaka 1998. Lilishauri kuwa maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 1 ya mikrosistini ya aina iliyo maarufu zaidi katika kila lita. Ili upate kuelewa udogo wa kipimo hicho, chukua robo ya kijiko cha chai cha sukari, ambayo ni gramu 1 hivi. Kisha fikiri malori mia moja ya maji, kila moja likiwa na lita 10,000. Gramu hiyo moja ikigawanywa sawasawa katika malori yote mia, maji yote hayo yatakuwa yamefika kwenye mpaka. Hakuna ulimi duniani uwezao kuonja kitu kama hicho.

Wala usidhani kwamba utajiri ni kinga. Tarehe 2 Agosti 2014 watu wapatao 400,000 wa mji wa Toledo na vitongoji vyake, katika jimbo la Ohio, Marekani, waliamka wakakuta tangazo la kuwakataza kunywa maji ya mabomba. Mikrosistini ilikuwa imeingia kutoka Ziwa Erie. Tangazo lilionya pia kwamba kuchemsha hakutasaidia. Kwa siku tatu mji wenye mitambo na wahandisi ulipanga foleni kutafuta maji ya chupa, huku ukipakana na ziwa kubwa.

Na kwetu je? Kenya inalo Ziwa Victoria, na sehemu yetu kubwa ya ziwa hilo ni Ghuba ya Winam, ambayo haina kina kirefu na ambayo maji yake hubadilishana polepole na yale ya ziwa kuu. Mito ya Nyando na Sondu huingiza humo udongo wa mashamba pamoja na mbolea iliyochukuliwa na mvua, nayo miji ya ufuoni huongeza maji yake machafu. Tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba mwani wa Ziwa Victoria ulikuwa umeongezeka mara nyingi kuliko ulivyopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwamba sayanobakteria walikuwa wamechukua nafasi ya aina nyingine. Katika karne hii ya ishirini na moja watafiti wameipima Ghuba ya Winam na kuikuta mikrosistini. Kwa hiyo msomaji wa Kisumu, Homa Bay au Kendu Bay asiisome insha hii kama habari za mbali. Ule utando wa kijani anaouona ufuoni asubuhi ya utulivu ni ndugu wa ule alioukuta Francis mwaka 1878.

Chakula cha viumbe hawa ni nini hasa? Wanapenda joto na maji yaliyotulia, lakini kinachowanenepesha ni fosforasi na naitrojeni, vitu vile vile vinavyonenepesha mahindi. Mfuko wa mbolea unaotiwa kwa wingi kupita haja, shamba la mteremko lisilo na matuta, choo kinachovujia mtoni, kiwanda kinachomwaga takataka zake usiku: hivyo vyote ni karamu wanayoandaliwa. Tunawalisha kwa mikono yetu, kisha tunashangaa wanapozaliana. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuziba ufa hapa ni kuuzuia udongo usiondoke shambani, kuacha ukanda wa majani na miti kandokando ya mto, na kuyasafisha maji ya miji kabla hayajafika ziwani. Kujenga ukuta ni kutafuta njia ya kuitoa sumu katika maji ya watu laki kadhaa baada ya kuwa imekwisha kuingia.

Ukuta nao hujengwa pale inapobidi, na elimu imefundisha namna ya kuujenga kwa utaratibu. Kwanza viumbe huondolewa wakiwa wazima, bila kupasuliwa; baada ya hapo ndipo hutumika klorini kwa kipimo kinachofaa, au mkaa uliotengenezwa mahususi kunasa sumu iliyoyeyuka. Aanzaye kwa kuua na kumalizia kwa kuchuja amerudia kisa cha Palm Island.

Nawe mwanafunzi, ambaye huna mtambo wala maabara, unayo mambo ya kufanya. Usiteke maji mahali penye utando au penye rangi ya kijani iliyokolea. Usiogelee humo, wala usiwaache wadogo zako kuchezea povu lake ufuoni. Ng'ombe na mbuzi wanyweshwe upande ambao upepo haupeleki utando. Samaki wa maji hayo atolewe matumbo na ini kabla ya kupikwa, na vitu hivyo wasipewe mbwa. Na mama akisema kwamba maji ya kijani yatafaa yakichemshwa, mweleze kwa adabu kwamba moto una kazi yake na mipaka yake: huua vijidudu, lakini sumu hii hauiwezi.

Baadhi yenu mtakuwa wakulima, wengine wauguzi, wengine wahandisi wa maji katika kaunti zenu. Siku moja mmoja wenu atasimama juu ya ukuta wa bwawa, nyuma yake watu wakilalamika kuwa maji yananuka, mkononi mwake mfuko wa dawa ambayo wote wanasema hufanya kazi upesi. Atakuwa na haraka, na malalamiko yatakuwa ya haki. Siku hiyo nataka akumbuke watoto 138 wa Palm Island, auweke mfuko chini, achote maji katika chupa ayapeleke kwanza yakapimwe.